Mshipi Mwembamba

Wazee wetu wametuachia msemo kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na wakipatana chukua kapu ukavune. Msemo huu nimeusikia tangu utotoni, na nimewahi kuutumia mara mbili tatu katika tungo zangu, kila mara nikiwaonya watu wengine. Sikudhani kwamba ingekuja siku nikausoma kama barua niliyoandikiwa mimi mwenyewe. Insha hii ni ya asubuhi moja ya uvuvi, tena uvuvi mdogo kabisa, wa ufito na uzi mwembamba, katika ziwa la kufugia samaki ambalo mtoto wa miaka kumi angeweza kulivusha jiwe kwa mkono wake. Lakini siwezi kuisimulia asubuhi hiyo bila ya kuanza na shairi.

Mwaka 2014 mdogo wangu, aliyebaki Pemba katika nyumba ya marehemu wazee wetu, alilichimba bonde letu la mpunga akaligeuza ziwa la samaki. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaishi Unguja zaidi ya miaka ishirini, na habari hiyo sikuipata kwake, bali kwa mtu wa kijijini tuliyekutana bandarini. Iliniuma. Bonde lile ndilo lililotulea. Humo mama alipanda, akapalilia na kuvuna mpaka uzee ulipomzuia. Na humo mimi, ambaye shule sikwenda nayo mbali, nilijizoeza kusoma nikiwa naamia ndege, kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari dukani. Kulichimba bonde hilo bila ya kuniuliza niliona ni sawa na kuufuta wasia.

Sikumwandikia wala sikumpigia simu. Nilifanya lililo jepesi kwa mtu wa kazi yangu: nilitunga shairi. Lilikuwa na beti kumi na mbili, mizani imetimia, vina vya kati na vya mwisho havikupotoka hata kimoja, na jina la mtu halikutajwa. Lilimsema tu kijana aliyeuzika mpunga wa wazazi wake majini ili auze samaki sokoni. Likachapishwa, baadaye likasomwa redioni, na kijiji kizima kikajua kijana huyo ni nani. Mdogo wangu hakujibu. Kwa miaka minane tuliyokuja kukutana mazikoni na harusini, tulipeana mkono, tukaulizana habari za watoto, tukaachana. Salamu zetu zilikuwa kamili, kama za watu wasiojuana.

Mwezi wa Julai mwaka 2022 nilivuka kwenda Pemba kwa hitima ya shangazi yetu. Mkobani nilikuwa na kitabu cha Kiingereza ambacho kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikifasiri kidogo kidogo, bila ya kuagizwa na mchapishaji yeyote: The Compleat Angler cha Izaak Walton, kilichotoka London mwaka 1653. Walton alizaliwa Stafford mwaka 1593, akaishi kwa biashara ya nguo, na chuo kikuu hakukisomea. Labda ndiyo sababu nilimpenda tangu mwanzo. Kitabu chake kilitoka miaka minne tu baada ya Mfalme Charles wa Kwanza kukatwa kichwa mwaka 1649, nchi yake ikiwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na nyumba nyingi zimegawika ndugu kwa ndugu. Naye, badala ya kuandika juu ya vita, aliandika juu ya watu watatu wanaokutana njiani asubuhi: mvuvi, mwindaji, na mtu anayewinda kwa kozi. Kila mmoja anaisifu kazi yake, mpaka mwindaji anakubali kuwa mwanafunzi wa mvuvi. Kitabu hicho Walton hakukiacha. Alikiongeza na kukisahihisha hata chapa yake ya tano ilipotoka mwaka 1676, yeye akiwa ameshapita miaka themanini.

Nilikuwa nimekwama mahali fulani humo. Zama za Walton mshipi ulisokotwa kwa singa za mkia wa farasi, ukafungwa kwenye ncha ya ufito, na mvuvi aliyebobea aliweza kuvua kwa unywele mmoja tu. Maneno hayo niliyafasiri yakasimama kisarufi, lakini mwenyewe sikuyaamini. Unywele mmoja utamzuiaje samaki mzima? Mimi ni mtoto wa mvuvi. Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alivua changu na chewa kwa mshipi mnene aliouzungushia kibao, na alinifundisha jambo moja tu: samaki akishanasa, usimpe nafasi. Chewa hukimbilia pangoni mwake mwambani, na akishaingia humtoi tena. Basi baba alivuta mkono baada ya mkono, bila ya kupumua, na vidole vyake vilikuwa na makovu ya mshipi hata siku tuliyomwosha.

Asubuhi ya pili ya hitima, tulipotoka kusali alfajiri, mdogo wangu aliniambia bila ya kunitazama usoni: "Kaka, mimi nakwenda kuliangalia ziwa. Ukitaka, twende." Nilistaajabu kwamba aliniita, na nikastaajabu zaidi kwamba nilikubali. Nilipita chumbani nikautungua mshipi wa baba ambao bado ulikuwa umetundikwa msumarini, kwa kuwa sikutaka kwenda mikono mitupu. Alipouona alicheka kidogo, kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake kwa miaka mingi. "Huo utawatia hofu," akasema. "Ndoana yake ni kubwa kuliko midomo yao." Lakini hakunambia niuache.

Ilikuwa kipupwe, baridi imetua bondeni na umande umelala juu ya majani. Tulishuka baina ya mikarafuu na minazi mpaka tukafika penye tuta. Ziwa lilikuwa limetulia, na juu yake niliona kitu kilichonishangaza: mamia ya midomo midogo imefunguka usoni pa maji, inapapia, kama kwamba samaki wote wamekuja juu kutuomba.

"Wana njaa?" nikauliza.

"Wanahema," akasema. Akanieleza kwamba mchana ule ukijani ulio majini hutoa hewa kwa nguvu za jua, lakini usiku nao huivuta hewa hiyohiyo kama wanavyoivuta samaki. Basi karibu na alfajiri maji huwa yamebakiwa na hewa kidogo sana, na samaki hupanda juu palipo na unafuu. Ndiyo maana yeye huja kila alfajiri kuwaangalia. Wakizidi kupapia, huwaongezea maji mapya. "Hata ukiwatilia chambo sasa hivi hawakitaki. Anayetafuta pumzi hatafuti chakula. Tungoje jua."

Tukakaa juu ya tuta, mimi huku na yeye kule, ufito umelala baina yetu. Yangeyange wawili walikuwa wamesimama upande wa pili, nao wanangoja. Muda mrefu hatukusema kitu. Kisha yeye akasema, macho yake yapo majini:

"Shairi lako nililisikia redioni."

Nilinyamaza.

"Vina vilikuwa vizuri," akasema. "Lakini hukuja kuliangalia bonde."

Akaniashiria nitazame upande wa chini, kunakoelekea pwani. Pale palipokuwa na majaruba ya mama paliota miche ya mikoko. Haikupandwa na mtu; ilijiotea wenyewe. Ndipo aliponieleza, bila ya kupandisha sauti, kwamba tuta la zamani lililokuwa likizuia bahari lilibomoka, na kila bamvua maji ya chumvi yakawa yanapanda bondeni. Alilijenga, likabomoka tena. Misimu mitatu alipanda mpunga, na misimu mitatu mpunga ukageuka rangi ya kutu kabla ya kutoa masuke. Mwaka wa tatu hakuvuna hata mbegu. Perege, akasema, wao huvumilia maji yenye chumvichumvi. Basi akachimba, miezi minne, kwa jembe na mikono yake na ya wanawe.

"Sikujua," nikasema.

"Hukuuliza."

Nimekuwa nikifasiri kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwa neno moja la Walton naweza kufungua kamusi tatu, nikamsumbua mzee mmoja kwa simu usiku, nikaliacha neno hilo wazi mwezi mzima kuliko kulitilia maana ambayo sina hakika nayo. Huo ndio uaminifu ninaojivunia. Na ndugu yangu wa tumbo moja nilimfasiri beti kumi na mbili kwa habari ya mpita njia, wala sikufunga safari ya siku moja kwenda kuitazama asili. Makosa ya fasiri husahihishwa katika chapa ya pili. Hili sikujua nitalisahihisha wapi.

Jua lilipopita vilele vya minazi na kuyagusa maji, midomo ile ikaanza kupungua. Mmoja mmoja walizama, mpaka uso wa ziwa ukabaki mtupu. "Sasa," akasema mdogo wangu, akasimama.

Zana zake zingeweza kuingia katika kofia. Ufito wa mwanzi mwembamba, mrefu kuliko mtu kidogo. Uzi wa nailoni uliofungwa nchani mwake, mwembamba hata nilipoushika nilihitaji kuuinua kwenye mwanga ili niuone. Ndoana ndogo kama kucha ya kuku. Punje ya risasi kwa chubwi. Na chelezo alichokikata katika kandambili chakavu. Nilitazama nikaona kwamba isipokuwa nailoni na kandambili, hivyo ndivyo hasa vilivyokuwa vyombo vya Walton: ufito, uzi uliofungwa nchani, wala hakuna gurudumu la kuukusanya. Chambo chetu kilikuwa nyungunyungu na vipande vya boflo vilivyofinyangwa kwa maji.

Alinifundisha kama anavyofundishwa mtoto, nami nilifundishika. Nikae chini, kivuli changu kisianguke majini. Nisitembee kwa kishindo, kwa kuwa ardhi hupeleka habari. Chelezo kikitetemeka nisivute, maana perege mdomo wake ni mdogo na hudonoa kwanza, anakionja kitu na kukitema. Nivute pale tu chelezo kinapokwenda upande au kinapozama kwa utulivu, na nivute kwa kifundo cha mkono, si kwa bega.

Wa kwanza nilimkosa, na wa pili, na wa tatu. Wa nne akaja, perege wa kiganja kimoja, anameremeta, miiba ya mgongoni imesimama. Baada ya hapo nikaanza kuipata. Mdogo wangu alikuwa akiwatupia pakachani na kuniwekea chambo kingine. Alinambia kwamba kuvua hivi nako ni kufuga: perege huzaana mno, na ziwa likijaa wadogo basi wote hudumaa, chakula hakiwatoshi. Kambare wachache amewatia humo ili wawapunguze vifaranga, na ndoana inasaidia. Wakubwa huwatoa kwa juya siku ya soko. Hawa wa ndoana ni kitoweo cha nyumbani.

Kisha chelezo kikazama bila ya kutetemeka, moja kwa moja, kama kimevutwa na mkono. Nikavuta, na upande wa pili kukawa na uzito ambao sikuutarajia katika ziwa lile. Miaka hamsini ikatoweka. Nilikuwa tena katika mtumbwi wa baba, na mikono yangu ikafanya ilivyofundishwa: ikashikilia, ikakaza, isimpe nafasi. Ufito ukapinda mara moja, kukasikika mlio mdogo kama wa jino linalokata uzi, na chelezo cha kandambili kikaondoka peke yake katikati ya ziwa.

"Kaka," akasema kwa upole, "huku si mkondoni. Hapana pango humu. Atakwenda wapi? Mwache aende, atarudi."

Akakaa kuufunga uzi mwingine. Kabla ya kulikaza fundo alilitia mate, kwani nailoni kavu ikisuguana hupata moto ikadhoofika, na kamba hukatikia pabovu. Nilizitazama taya zake zikilikata tepe la uzi, nikaona kwamba ameshapata mvi kidevuni. Hilo nalo sikuwa nimeliona.

Saa mbili ilikuwa imeshapita alipokuja mwingine wa uzito ule. Huenda alikuwa yuleyule, sina ushahidi. Safari hii nilipomhisi, niliunyanyua ufito, nikauacha upinde, wala sikuongeza kitu. Akakimbia kulia, nikamfuata kwa ncha ya ufito. Akageuka, nikageuka. Alipovuta kwa nguvu nilimpa, alipolegea nilichukua kilichokuwa changu, kidogo. Uzi ule ambao ningeweza kuukata kwa vidole viwili haukukatika, kwa sababu haukuwa peke yake: mwanzi ulibeba sehemu, mkono sehemu, na maji yenyewe yakamchosha kwa sehemu iliyobaki. Hapo ndipo nilipoufahamu unywele mmoja wa Walton. Kumbe hakutia chumvi, na mimi sikukosea sarufi. Nilikosa tu kuwahi kumshika samaki kwa kitu dhaifu. Yule wa bahari hushindwa kwa kuvutwa. Huyu alikuja kwa kuachiwa.

Mdogo wangu aliingia majini mpaka magotini akamkinga kwa pakacha. Alikuwa dume, mweusi mgongoni, mapezi yana wekundu ukingoni, urefu wake shibiri moja na nusu. Tulimtazama sote wawili, na sote wawili tulicheka, kwa sauti, hata yangeyange wakaruka.

Nilimwambia kwamba Uingereza siku hizi wako wavuvi wa maziwani ambao samaki mzuri kama huyu humpima, humpiga picha, kisha humrudisha majini. Akafikiri. "Tumrudishe kwa nini?" akauliza. "Yuko jirani anamngojea." Nami sikuona hoja ya kumpinga. Kwetu samaki ni kitoweo, na kumwumiza mnyama kwa mchezo mtupu wazee wetu hawakuona ni jambo jema. Hata hivyo, wakati tunaosha miguu, alinishika mkono akanionyesha karibu na ukingo perege jike, na mbele yake wingu dogo la vifaranga. Kivuli chetu kilipowafikia, jike alifungua mdomo, na wingu lote likaingia humo. Mayai huyaatamia mdomoni, akasema, na watoto wakitishika huwarudisha. Siku hizo zote huwa hali chochote, au hula kidogo sana, asije akawameza. Huyo haji kwenye ndoana, na akiingia katika juya humrudisha.

Niliinama nikimtazama mpaka miguu ikanifa ganzi. Nimeishi kwa mdomo na kalamu, wala sikuwahi kufikiri kwamba mdomo unaweza kukaa na kitu cha thamani siku nyingi bila ya kukimeza na bila ya kukitema. Mdogo wangu aliweza. Miaka minane alikuwa na jawabu la shairi langu, jawabu la maneno matatu tu, njoo ulione bonde, na hakulitoa redioni wala barazani. Alilingojea jua.

Tulirudi na perege kumi na saba na yule mkubwa. Saba walikwenda kwa majirani kabla ya moto kuwashwa. Shemegi aliwakaanga waliobaki, mkubwa akampika kwa nazi na ndimu, akatuwekea na muhogo. Mwanawe mdogo alinitilia kahawa, akauliza: "Ami, ni kweli ulikata uzi?" Nikasema ni kweli. "Baba naye alikata mara nyingi alipoanza," akasema, na baba yake hakumkanya.

Shairi lile lipo, limechapishwa, na mwenye kulihifadhi analo. Sina uwezo wa kulitoa vichwani mwa watu, na mizani yake sina cha kuisahihisha. Nasahihisha habari yake: kijana yule hakuuzika mpunga wa wazazi wake. Aliukuta umekufa, akapachimba mahali pake mpaka pakatoa riziki, na pakawalisha watu ambao walikuwa wakinisikiliza mimi. Kwa kuwa nililisema hadharani, nalirudi hadharani.

Sura ile ya Walton niliimaliza wiki moja baada ya kurejea Unguja, na maneno ya unywele mmoja hayanitii shaka tena. Mwezi wa Disemba nilivuka tena kwenda Pemba. Nilifika kijijini alasiri, mkoba mabegani, na kabla sijaingia nyumbani nilishuka bondeni kwanza, nikaliangalia ziwa.